Majira ya Kuchipua: Somo la Watoto Wadogo Wakati wa Masika

Mtoto wa darasa la kwanza hufungua kitabu chake cha Kiingereza akaona picha ya mwana-kondoo aliyesimama penye majani mabichi, theluji ikiyeyuka pembeni, na maua ya manjano yakichomoza ardhini. Mwalimu humweleza kwamba hayo ndiyo majira ya kuchipua, yajayo baada ya baridi kali, na humtaka ayashike kwa moyo. Mtoto hajaona theluji maishani mwake, wala hajaona mti uliopukutika majani kwa sababu ya baridi. Walakini hukariri, hujibu maswali, na hupata alama zake. Na huko nje ya dirisha, asubuhi hiyo hiyo ya mwezi wa Machi, mawingu yamekwisha kukusanyika, shamba la mama yake limelimwa na li wazi likingoja mvua, na mbayuwayu wamejipanga juu ya waya za umeme kama shanga katika uzi. Hayo hayamo kitabuni. Kwa hiyo mtoto hudhani kwamba majira ni jambo la nchi za mbali, na kwamba yale ayaonayo mwenyewe kila siku hayastahili kuitwa elimu.

Wazazi na walimu wengi hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajali miti wala ndege wala mito. Yafaa kwanza waulizwe mtoto huyo amepewa kitu gani akijali. Ni vigumu kukitunza kitu ambacho hujapata kukitazama kwa makini hata siku moja, na mtoto wa miaka mitano au sita hujifunza kwa macho na vidole vyake kabla ya kujifunza kwa maneno. Majira ya mvua ndiyo nafasi bora ya somo hilo, na haligharimu ila mikebe michache, maharagwe, na subira ya mtu mzima.

Mwalimu hana budi aelewe mwenyewe jambo analolifundisha, hata kama hatawaeleza watoto yote. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kidogo upande, na kwa sababu ya kuinama huko nchi za kaskazini hupata jua kidogo sana wakati wa baridi na jua jingi wakati wa joto. Katika mji wa London, siku fupi ya Desemba haina mwanga wa kutimia saa 8, na siku ndefu ya Juni ina mwanga wa zaidi ya saa 16. Kati ya hizo, kama tarehe 20 Machi, mchana na usiku hulingana. Tangu hapo joto huongezeka, barafu huyeyuka, na mbegu zilizolala chini ya ardhi iliyoganda huamka. Hayo ndiyo majira ya kuchipua ya Ulaya. Kenya imekatwa na mstari wa Ikweta, nao hupita karibu na Nanyuki na Maseno, kwa hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima na tofauti yake ni dakika chache tu. Hakuna baridi ya kuua majani. Lakini jua lipitapo juu ya Ikweta mwezi wa Machi, na tena mwezi wa Septemba, nchi hupata joto, hewa hupanda juu, na pepo zenye unyevu kutoka baharini huvutwa kuja bara. Ndipo mvua hufuata baada ya majuma machache. Mvua kubwa za masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na zile za vuli tangu Oktoba hata Desemba.

Basi tofauti ni hii: kule mbegu hungoja joto, na huku mbegu hungoja maji. Mti wa mbuyu waonyesha jambo hilo vizuri kuliko mti mwingine wowote. Wakati wa kiangazi mbuyu wa Kilifi au wa Kibwezi husimama uchi, matawi yake yakiwa kama mizizi iliyopinduliwa hewani, na mgeni asiyeujua angesema umekufa. Mvua zikija huvaa majani yake tena. Mwaloni wa Uingereza hufanya vivyo hivyo, ila hungoja jambo jingine. Mtoto aliyeuona mbuyu kabla ya mvua na baada ya mvua ataielewa ile picha ya mwana-kondoo bila ya taabu, maana atakuwa na kitu chake mwenyewe cha kuilinganisha nayo.

Habari za dunia kuinama yafaa ziwekwe kando mpaka mtoto afike miaka kumi au zaidi. Wako walimu wapendao kuleta chungwa na taa mbele ya watoto wa chekechea wakawaonyesha jinsi dunia izungukavyo jua. Watoto hutazama kwa furaha, kisha hukumbuka chungwa tu.

Somo lenyewe lianze kabla ya mvua. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi, kwamba hungoja mpaka nchi imekuwa ya kijani ndipo wawatoe watoto nje, na mtoto asiyeona ukavu hawezi kuona mabadiliko. Kila mahali pana wakati wake: huko Mombasa masika hupata nguvu zaidi mwezi wa Mei, katika nyanda za juu za katikati huanza katikati ya Machi, Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na Wajir au Turkana watu waweza kungoja mvua ambayo haiji. Mwalimu wa Wajir asiwafundishe watoto wake majira ya Nyeri, kama vile yule wa Nyeri asivyopaswa kufundisha majira ya London. Awaulize wazee wa mahali pake ni dalili gani waitazamayo, kwani wafugaji na wakulima walikuwa na kalenda ya nyota, pepo na maua ya miti kabla ya shule kuwako.

Watoto na watolewe nje siku moja ya kiangazi. Wachukue udongo mkononi, wausugue, waunuse. Wachague mahali padogo, kama upana wa mkeka mmoja, wapazungushie vijiti vinne na kamba, nao wahesabu kila kitu kilichopo hai ndani yake. Huenda wasipate ila siafu wawili na nyasi zilizokauka. Mahali hapo pasiguswe wala pasifagiliwe. Siku ya pili au ya tatu baada ya mvua ya kwanza warudi wahesabu tena, kisha kila juma mpaka mwezi wa Mei. Hawataamini kwamba vyote hivyo vilikuwamo humo humo chini ya miguu yao. Mtoto asiyejua kuandika na achore alichokiona, na mwalimu asisahihishe mchoro. Hata ukiwa na miguu minane mahali pa sita, yafaa amwulize tu mtoto kama yuko tayari kwenda kumtazama mdudu yule mara ya pili.

Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi. Jioni hujaa penye taa, na asubuhi mabawa yao hutapakaa kila mahali kama maganda. Hapa mwalimu apata somo kamili bila ya kutafuta. Kumbikumbi ni mchwa waliopewa mabawa kwa safari moja tu. Wakitua hujivua mabawa hayo, dume na jike huandamana, huchimba tundu, na huanzisha kichuguu kipya. Wachache sana hufaulu, maana ndege, vyura, kuku na watu huwala. Watoto wengi wa Magharibi ya Kenya huwajua kumbikumbi kwa utamu wao, wala haifai kuwakemea kwa hilo. Utunzaji wa viumbe hauna maana ya kutokula. Mtu aliyefundishwa kwamba kila mdudu ni mtakatifu ataona haraka kwamba mwalimu wake mwenyewe hula kuku.

Sasa zije mbegu. Kila mtoto apewe mikebe mitatu mitupu iliyotobolewa matundu chini, au watoto watatu washirikiane, na katika kila mkebe zitiwe mbegu tatu za maharagwe. Mkebe wa kwanza utiwe udongo mkavu usinyweshwe kamwe. Wa pili unyweshwe kiasi, udongo uwe na unyevu tu. Wa tatu uzibwe matundu yake na unyweshwe kila saa mtoto apendapo, hata maji yasimame juu. Baada ya siku saba hivi mkebe wa pili utakuwa na vichipukizi vilivyojikunja vikiinua ile mbegu iliyopasuka vipande viwili. Mkebe mkavu utakuwa kama ulivyokuwa. Mkebe wa tatu utatoa harufu, na mbegu zake zitakuwa zimeoza.

Mkebe huo wa tatu una thamani kuliko yote. Mtoto mdogo akipenda kitu hukishika mno: humbeba kifaranga mpaka kifaranga afe, humwagilia ua mpaka ua lioze. Aonapo kwamba ni yeye mwenyewe aliyeua maharagwe yake kwa wema, asichekwe. Na aulizwe mbegu ilikosa nini ndani ya maji, kisha aambiwe kwamba nayo huvuta pumzi. Halafu apewe mbegu nyingine papo hapo ajaribu tena. Maji yaliyosimama mkebeni yamwagwe jambo hilo likiisha, kwa kuwa mbu hawangoji somo limalizike.

Pamoja na mikebe hiyo, mbegu mbili tatu ziwekwe katika chupa ya kioo, kati ya kioo na karatasi au pamba iliyolowanishwa, ili watoto waone yale yafanyikayo gizani. Mzizi hutoka kwanza, nao hushuka chini. Chupa ikilazwa ubavu, mzizi hupinda ukashuka chini vile vile. Watoto hulipenda sana jambo hilo, na wako watakaoipindua chupa kila siku ili kuusumbua mzizi. Na waachwe waendelee, maana huko nako ni kuuliza swali.

Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe huko Nyeri. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba mama yake alimpa kipande kidogo cha bustani ndani ya shamba lake, kiwe chake mwenyewe. Mtoto yule alipanda, kisha akawa akizifukua mbegu kila mara ili aone kama zimeota. Mama yake alimwelekeza azifunike na kuziacha zifanye kazi yake zenyewe. Hakuna shule yoyote ya ualimu iwezayo kuongeza mengi juu ya mafunzo hayo ya mama mmoja shambani: alimpa mtoto ardhi iliyo yake hasa, akamwacha akosee, na akamrekebisha kwa maneno machache wakati kosa lilipokuwa likitendeka.

Mjerumani Friedrich Froebel alifikia wazo lililo karibu na hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto, jina ambalo limeenea duniani kote. Watu wengi hudhani jina hilo ni la mfano tu. Lakini Froebel alitaka bustani ya kweli, yenye udongo, ambamo kila mtoto angekuwa na tuta lake dogo, na kando yake matuta ya wote kwa pamoja, ili mtoto ajifunze kutunza kilicho chake na kilicho cha wenziwe. Inasikitisha kuona shule za chekechea zenye jina hilo mjini, uwanja wake umepigwa saruji hata mlangoni. Hata hivyo saruji si udhuru, kwani gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni huotesha sukuma wiki ya darasa zima.

Vyura ni sehemu ya masika ambayo mtu mzima huisahau kwa sababu humnyima usingizi. Mayai yao huonekana majini kama ute wenye vidoa vyeusi, na kutoka humo hutoka viluwiluwi, ambao huota miguu ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, na mkia hupungua mpaka unatoweka. Viluwiluwi watano au sita waweza kukaa darasani katika beseni lenye maji ya mvua na mawe machache ya kupandia, mahali pasipochomwa na jua, kisha warudishwe walikotolewa. Wasichukuliwe zaidi ya hapo, wala wasitiwe maji ya bomba yenye dawa.

Profesa Maathai alipotoa hotuba yake mjini Oslo mwezi wa Desemba 2004, mbele ya wafalme na mabalozi, alimalizia kwa habari ya mayai ya vyura. Alisimulia jinsi alivyokuwa akitumwa na mama yake kuteka maji katika kijito kilichokuwa karibu na nyumba yao, maji ambayo waliyanywa papo hapo, na jinsi alivyojaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, yakawa yakikatika vidoleni. Baadaye aliona viluwiluwi kwa maelfu wakicheza katika maji maangavu. Miaka hamsini baada ya hapo kijito kile kilikuwa kimekauka, wanawake walikwenda mbali kutafuta maji ambayo hayakuwa safi kila wakati, na watoto wa pale hawangejua kamwe kile walichokipoteza. Msomaji na aangalie neno hilo la mwisho. Mtoto ambaye hajapata kuona kijito hakihuzunikii kijito. Kwake yeye bonde kavu ndilo bonde, na mtungi wa maji ya kununua ndio chanzo cha maji. Kila kizazi kikizaliwa katika nchi kavu zaidi ya ile ya wazazi wao, kikaiona kuwa ndivyo ilivyo desturi, hakuna atakayeinuka kuidai iliyopotea. Kwa hiyo bibi na babu na waitwe shuleni siku moja, wawaambie watoto hapo penye uwanja palikuwa na nini, na mto ulikuwa ukifika wapi. Watoto na wapelekwe hata mahali penyewe wakapaone, ila wasipelekwe mtoni siku za mafuriko, wala wasisimame chini ya miti radi ikipiga.

Baada ya vyura, watoto watazame juu. Wale mbayuwayu wa kwenye waya za umeme wako katika maandalizi ya safari. Mbayuwayu wa Ulaya huja Afrika kukimbia baridi, huonekana Kenya tangu Septemba au Oktoba, na mwezi wa Machi na Aprili hurudi kaskazini, akivuka jangwa la Sahara, ili akajenge kiota chake cha matope katika mabanda na vihenge. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Mwezi wa Mei 1911 ndege mmoja wa namna hiyo alivikwa pete ya chuma mguuni huko Staffordshire, Uingereza; mwezi wa Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 9,000. Zamani wenye elimu wa Ulaya walibishana kuhusu mahali ndege waendako wakati wa baridi, na wako walioamini kwamba mbayuwayu hujificha chini ya maji ya maziwa. Mtoto wa Nakuru angeliweza kuwaambia, lakini hakuna aliyemwuliza.

Hapa ndipo ile picha ya kitabuni hufunguka. Mtoto aambiwe hivi: ndege yule aondokaye leo, mvua zinapoanza huku, atafika kule siku ambazo mwana-kondoo yule anacheza penye majani mabichi, na mtoto wa Uingereza akimwona atasema kwamba majira ya kuchipua yamekuja. Watoto wawili wasiojuana humtazama ndege mmoja. Kisha darasa lihesabu mbayuwayu kila asubuhi, na idadi iandikwe ukutani mpaka siku ile ambayo waya zitakuwa tupu.

Darasani hakukosi mvulana mwenye manati mfukoni. Kumnyang'anya manati ni rahisi, na kesho atakuwa na nyingine. Yafaa zaidi asimuliwe habari za korongo mweupe aliyepigwa risasi mwaka 1822 karibu na Klütz, huko Ujerumani. Walipomwokota walikuta mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, urefu wake karibu sentimita 80. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka na mkuki ule mwilini mpaka Ulaya. Korongo huyo bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ni yeye aliyewathibitishia wataalamu wa huko mahali ndege waendako. Mwalimu asiongeze neno baada ya hadithi hiyo. Na yule mvulana, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye macho makali kuliko wenzake, apewe kazi ya kuhesabu ndege, kwa kuwa hakuna aijuaye miti yao kama yeye.

Jambo la udongo yafaa lionyeshwe siku ya mvua kubwa, au kwa masanduku mawili ya mbao yaliyoinamishwa. Moja liwe na udongo mtupu, jingine liwe na udongo huo huo uliofunikwa kwa pande la nyasi zenye mizizi. Yamwagiwe maji sawa kwa kopo lenye matundu. Maji yatokayo penye nyasi huwa machache na meupe, na yale ya penye udongo mtupu huwa mengi na mekundu. Watoto wayaweke katika chupa mbili juu ya dirisha, na kesho yake wapime kwa kidole matope yaliyozama chini. Wakati wa mvua, bahari ya Malindi hubadilika rangi kwa udongo uletwao na mto Sabaki kutoka mbali bara. Mtoto wa Machakos aliyeshika chupa ile amekwisha kuelewa udongo huo ulitoka wapi.

Watu wazima wa Kenya wanazo kumbukumbu chungu za somo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Murang'a, na hasa wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, lakini yaliletwa kwa amri na kwa adhabu, na mwaka 1947 watu wakaacha kazi hiyo. Huko Machakos vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kwa hiari, vilichimba matuta katika miaka iliyofuata, na milima iliyokuwa imechakaa ikalimika. Mwalimu apangaye kuwapeleka watoto kupanda miti kama adhabu ya kuchelewa shuleni na aikumbuke habari hiyo kabla ya kugawa majembe.

Tena kuhusu miti yenyewe, kupanda kumetiliwa mkazo sana na kutunza kumesahauliwa. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko nchini Kenya ili watu wapande miche, na lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100. Ni jambo jema. Walakini Profesa Maathai na wenziwe walipopanda miti saba ya kwanza ya Green Belt Movement tarehe 5 Juni 1977, katika uwanja wa Kamukunji mjini Nairobi, ni michache tu kati yake iliyopona. Shirika hilo baadaye lilipanda miti zaidi ya milioni 50 kwa hesabu yake, na mojawapo ya taratibu zake ilikuwa kumlipa mama aliyeotesha mche kiasi kidogo cha fedha, akilipwa kwa mche ulioshika na kuishi.

Shuleni mche huuawa na kalenda. Hupandwa Aprili, watoto wakienda likizo mvua huutunza. Lakini Juni mvua zimekwisha, na mwezi wa Agosti, nchi ikiwa kavu na lango la shule likiwa limefungwa, hakuna wa kuunywesha, na mbuzi wa jirani hupita penye ua uliobomoka. Watoto hurudi shuleni wakakuta kijiti. Mtoto mdogo akikuta hivyo mara moja huhuzunika. Akikuta mara tatu hujifunza kwamba miti hupandwa ili ife, na somo hilo halifutiki upesi.

Kwa hiyo ni afadhali darasa moja lipande mti mmoja kuliko kila mtoto apande wake. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, litiwe samadi iliyooza, na mfuko wa plastiki uliobeba mche uondolewe kabisa. Miche mingi hunyongwa humo kwa sababu mpandaji alikuwa na haraka ya kupigwa picha. Mpera au mwembe hufaa kuliko mti wa mbao, kwa kuwa mpera waweza kuzaa watoto wale wakiwa bado katika shule hiyo. Mkalatusi usipandwe karibu na chemchemi wala kijito, maana hunywa maji mengi mno. Shina lizungushiwe miiba ya kuzuia mbuzi na matandazo ya nyasi kavu ya kuhifadhi unyevu. Kisha, kabla ya likizo ya Agosti, ipangwe zamu ya watoto wakaao karibu na shule, kila mmoja na siku yake pamoja na mkubwa wa nyumbani kwake, na karatasi ya zamu hiyo ibandikwe langoni ambapo wazazi huiona. Chupa kuukuu ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kama la sindano, ikijazwa na kufukiwa nusu kando ya mche, huutonea maji polepole na kumpunguzia mtoto mwendo.

Watoto na waupime mti wao siku ya kuupanda kwa fimbo iliyotiwa alama, na fimbo hiyo itunzwe darasani. Mwezi wa Oktoba, vuli zikikaribia, waitoe tena. Kwa siku hizo mbayuwayu watakuwa wameanza kurudi kwenye waya, na ile karatasi ya hesabu ya mwezi wa Machi, kama haikufutwa ukutani, itakuwa ikingoja namba mpya.